Sabuni ya kufulia ya nyumbani: Mafuta unayo, ila kostiki ipime kwa mizani



Ndugu wasomaji, katika nyumba yenye mtoto mchanga na wanafunzi wawili watatu, sabuni ya kufulia haikai. Mche unanunuliwa Jumamosi, Jumatano umebaki kipande cha kushikia kwa kucha. Ikifika hapo nguo hufuliwa kwa maji matupu, mashuka yanasubiri mwisho wa mwezi, na upele ukiingia kwa mtoto mmoja unazunguka kitanda kizima. Kwa sababu hiyo wiki hii tutaeleza namna ya kutengeneza sabuni ya kipande nyumbani. Tutaeleza pia jambo ambalo wafundishaji wengi wa mitaani hulipita haraka, nalo ni kostiki soda, kwani hapo ndipo watu wanapounguzwa.

Kwanza hesabu. Gharama kubwa ya sabuni ni mafuta. Ukinunua mafuta mapya ya kupikia dukani kwa bei ya rejareja, inawezekana kabisa sabuni yako ikawa ghali kuliko mche wa kiwandani, kwa sababu kiwanda hununua mafuta kwa tani na mara nyingi huongeza vitu vya kujazia uzito. Faida hupatikana pale mafuta yanapokuwa ya bei ndogo au hayana kazi nyingine: nazi zilizopasuka shambani, mawese ya msimu, shahamu ya ng'ombe ambayo mchinjaji huitoa kwa bei ya chini, au mafuta yaliyokwisha kukaangia samaki na maandazi. Wenzetu wa Kigoma wanalijua hili zamani. Wanakamua mise, yaani kokwa za mchikichi, na mafuta yake hutengenezea sabuni. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, andika bei ya kilo moja ya mafuta unayoweza kupata, ongeza ya kostiki, kisha linganisha na bei ya kilo moja na robo ya sabuni ya mche.

Sabuni ni nini hasa? Ni mafuta yaliyobadilishwa na kostiki soda. Viwili hivi vikikutana majini huungana na kuwa kitu cha tatu, ambacho si mafuta tena wala si kostiki, na pembeni hupatikana glisarini. Lakini kila aina ya mafuta ina kiasi chake cha kostiki. Gramu 100 za mafuta ya nazi hutaka takriban gramu 18. Za mise kama gramu 17 na nusu. Za mawese au shahamu gramu 14. Za alizeti kama 13 na nusu. Kostiki ikizidi, ziada inabaki ndani ya sabuni na itakula mikono ya mfuaji. Ikipungua kidogo, ziada inayobaki ni ya mafuta, na hayo hayamuumizi mtu. Ndiyo maana fundi mzuri hupunguza kostiki kidogo kwa makusudi.

Kipimo tunachokipendekeza ni hiki. Chukua gramu 600 za mawese au shahamu iliyoyeyushwa na kuchujwa, na gramu 400 za mafuta ya nazi. Kostiki gramu 150. Maji safi gramu 350, bora ya mvua. Mafuta yaliyokwisha kukaangia yanaweza kushika nafasi ya mawese, mradi yachujwe kwa kitambaa na yasiwe yameungua mpaka kuwa meusi. Mise yanaweza kushika nafasi ya nazi. Kipimo cha kostiki kitabaki kilekile, isipokuwa ukichanganya alizeti na mise; hapo teremsha hadi gramu 145. Usiache kabisa mafuta ya nazi au mise, kwani ndiyo yanayotoa povu, wakati mawese na shahamu huifanya sabuni iwe ngumu na isiishe upesi. Mawese mekundu hutoa sabuni ya rangi ya machungwa. Ifulie nguo za rangi, kanzu nyeupe iepuke.

Gramu hizo zote ni za mizani. Hapa hatuna msamaha. Kikombe kimoja cha kostiki ya magamba na kikombe kilekile cha kostiki ya punje havilingani uzito, na kijiko cha jirani yako si kijiko chako. Kama huna mizani ndogo ya jikoni, changeni akina mama wanne watano mnunue moja. Kostiki iliyokaa wazi hunyonya unyevu wa hewa na kushikamana. Uzito wake tena si wa kuaminika, basi nunua ya kutosha kazi ya siku hiyo.

Vyombo navyo vina shuruti. Masufuria yetu mengi ni ya alumini, na kostiki huila alumini, ikichemka na kutoa gesi inayoweza kushika moto. Kwa hiyo sufuria la alumini lisiguse kostiki wala sabuni mbichi. Tumia ndoo nene ya plastiki na mwiko wa mbao ambao hautarudi tena kwenye chakula. Vaa glovu za mpira, miwani, nguo ya mikono mirefu na viatu vya kufunika. Kazi ifanyike nje au barazani penye upepo, watoto wakiwa shule au kwa bibi yao.

Sasa utaratibu. Pima maji kwenye ndoo. Halafu mimina kostiki ndani ya maji, kidogo kidogo, huku ukikoroga polepole. Usifanye kinyume chake hata siku moja, yaani usimimine maji juu ya kostiki, kwa sababu hujipasha moto ghafla na kurukia usoni. Hata ukifuata sawasawa, maji hayo yatakuwa ya moto sana na yatatoa moshi unaokereketa. Geuza uso pembeni. Weka ndoo ndani ya beseni la maji baridi, isubiri mpaka ukigusa ndoo kwa nje iwe vuguvugu tu. Mafuta nayo yapashwe mpaka yayeyuke, yapoe yawe vuguvugu vilevile. Hapo ndipo unamimina maji ya kostiki ndani ya mafuta, kwenye ndoo nyingine ya plastiki, ukikoroga upande mmoja bila kuchoka. Inaweza kuchukua nusu saa, wakati mwingine zaidi. Itakuwa nzito kama uji wa mgonjwa, na ukiinua mwiko matone yanayodondoka yataacha alama juu yake. Ikifika hapo, mimina kwenye boksi la mbao lililotandikwa nailoni, funika kwa gunia.

Baada ya siku moja au mbili itakuwa imeshikana. Ikate ukiwa bado umevaa glovu. Vipande vipange kivulini, penye hewa, visigusane, kwa wiki nne. Mafundi wa Nablus huko Palestina, ambao sabuni yao ya zeituni iliingizwa na UNESCO mwaka 2024 katika orodha ya urithi wa dunia wa utamaduni usioshikika, huipanga kama minara yenye matundu ili upepo upite katikati. Subira hii ina kazi mbili: kostiki iliyobaki inamalizika kuungana na mafuta, na maji yanatoka, sabuni inakuwa ngumu. Vumbi jeupe jembamba juu ya kipande halina neno, liondoe kwa kitambaa. Lakini ukikata ukakuta ndani kuna vishimo vyenye majimaji au punje nyeupe, hiyo ni kostiki isiyoungana. Sabuni hiyo usiifulie.

Wanaopenda sabuni ya unga wanaweza kukwaruza gramu 500 za sabuni iliyokauka na kuchanganya na gramu 250 za magadi soda safi. Hii inawafaa hasa watu wa pwani wanaotegemea visima. Maji ya visima vingi vya pwani yana chokaa, na sabuni ikikutana na chokaa hutoa utando wa kijivu unaong'ang'ania nguo, povu likakataa. Magadi huikamata ile chokaa kwanza. Mchanganyiko huu haufai kwa sufi wala hariri, na hukausha mikono. Ni vizuri kusema wazi kwamba katika maji ya chokaa sabuni ya mafuta itashindwa na unga wa kiwandani, kwani ule ni wa kemikali za aina nyingine.

Ama kuhusu tahara, wasomaji huuliza kama nguo isiyopata sabuni inaswihi kuswalia. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tunayafuata, kinachotoharisha najisi ni maji; sabuni ni msaidizi. Damu ya hedhi Mtume (s.a.w.) alielekeza ikwaruzwe, isuguliwe kwa maji na nguo isuuzwe, na alama ikibaki baada ya juhudi haidhuru. Maji hayo yawe baridi, kwa kuwa ya moto huigandisha damu kwenye uzi. Faida nyingine ya sabuni ya nyumbani ni kwamba unajua ndani mna mafuta ya mnyama gani na amechinjwa na nani.

Kwa mashuka ya mwenye upele, sabuni peke yake haitoshi. Yaloweke kwenye maji ya moto, yaanikwe juani. Kisichofulika kifungwe ndani ya mfuko kwa wiki moja.

Turudi kwenye kostiki, maana kazi ikiisha huwa kuna iliyobaki. Usiitie kwenye chupa ya maji ya kunywa wala ya soda, hata kwa saa moja. Ikiwa majini haina rangi, na mtoto mwenye kiu hawezi kuitofautisha. Funda moja linaweza kuunguza koo na umio. Kidonda kikipona huacha kovu linalobana njia, na mtoto anaweza kuishi miaka akishindwa kumeza hata wali. Iache kwenye chombo chake chenye kifuniko, iandikwe SUMU, ifungiwe juu.

Ikimwagikia ngozi, vua nguo iliyolowa na umwagie maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20 bila kukatiza. Jichoni vivyo hivyo, kope zikiwa zimefunuliwa, kisha hospitali hata kama maumivu yamepungua. Usipake limau wala siki kwa kudhani utaiua. Vikikutana na kostiki hutoa joto na kuongeza kuungua. Aliyemeza asitapishwe, kwa kuwa inayorudi juu huunguza mara ya pili. Msimlazimishe maziwa wala mafuta. Msukutue mdomo kwa maji, mfute midomo, mkimbizeni hospitali na mchukue kile chombo ili daktari ajue alichokunywa.

Wenye nia ya kuuza waende ofisi ya SIDO ya mkoa wao kwa mafunzo, na TBS kwa ajili ya alama ya ubora. Kipimo tulichokitoa hapa ni cha matumizi ya nyumbani, na kikikauka hutoa karibu kilo moja na robo ya sabuni.