Kumpelekea Ujumbe wa Siri Mtu Asiye na Ufunguo

Barua pepe ya kawaida haina bahasha. Hata inaposafiri katika njia iliyolindwa, mitambo inayoipokea na kuihifadhi inaweza kuisoma. Mwaka 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman wa Marekani walitangaza fikra ya funguo mbili: mmoja wa hadhara, wa kufungia, na mwingine wa siri, wa kufungulia. Mwaka 1991 programu ya PGP ya Philip Zimmermann iliwawezesha watu wa kawaida kuitumia fikra hiyo. Lakini mpokeaji asiye na funguo hizo afanyiwe nini? Tuchukue mfano wa daktari anayetaka kumpelekea mgonjwa wake majibu ya vipimo.

Ufunguo mmoja kwa watu wawili

Daktari huyaandika majibu katika faili, kisha hulifumba kwa neno la siri, yaani huyageuza maandishi yasisomeke, na kuliambatisha katika barua. Programu nyingi hufanya kazi hii kwa kanuni ya AES, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001. Mgonjwa hulifumbua kwa neno lile lile. Kichwa cha barua na jina la faili hubaki wazi. Kwa hiyo visitaje ugonjwa.

Njia ya neno la siri

Neno la siri lisipite njia moja na faili. Likiandikwa katika barua pepe, atakayeingia katika sanduku la barua atakuta kufuli na ufunguo pamoja. Na litamkwe ana kwa ana, au kwa simu kati ya watu wanaojuana sauti.

Urefu wa neno la siri

Neno la tarakimu 4 lina namna 10,000 tu. Kompyuta inayojaribu mara 1,000 kwa sekunde huzimaliza kwa sekunde 10. Lakini maneno 6, yaliyochaguliwa kwa kurusha dadu kutoka orodha ya maneno 7,776 (6⁵), yana namna 6³⁰, yaani kama 2.2 × 10²³. Hata kwa majaribio 10¹² kwa sekunde, kuzimaliza zote kungechukua miaka ipatayo 7,000.

Mazoezi

1. Tungeni orodha ya maneno 216 ya Kiswahili, kila neno na namba yake ya dadu tatu. Maneno 4 yakichaguliwa kwa dadu, yana namna ngapi?
2. Kwa nini maneno yachaguliwe kwa dadu, wala si kwa kupenda?