Usiitie Mafuta Taipureta Yako

Taipureta nyingi zinazouzwa kwa bei ya vyuma chakavu bado nzima. Zimechafuka tu, au kuna kitu kidogo kimeachwa vibaya. Mtu anabonyeza herufi, karatasi inabaki nyeupe, basi anasema mashine imekufa. Kabla hujakubali, tafuta karibu na kibodi swichi ndogo yenye alama za rangi. Nyeupe ni ya kuchapa stensili, zile zilizotumika kudurufu mitihani ya shule, na swichi ikiwa hapo utepe wa wino haupandi kabisa. Isogeze kwenye nyeusi au bluu, ujaribu tena. Na sehemu ya juu inayobeba karatasi ikigoma kusogea, usiilazimishe: huenda imefungwa kwa komeo lake la safari.

Kama unataka ya kubebeka, ningekushauri Olivetti Lettera 22 au Lettera 32. Ya kwanza ilisanifiwa na Marcello Nizzoli, ikatoka Ivrea, Italia, mwaka 1950. Mwaka 1954 ilipata tuzo ya usanifu ya Compasso d'Oro. Ni nyembamba na nyepesi, na kila kipande chake kina kazi. Naiona kuwa kati ya vitu vizuri zaidi vilivyowahi kutengenezwa kwa ajili ya mwandishi. Kuhusu uimara, mfano ni mwandishi Cormac McCarthy wa Marekani. Aliandikia Lettera 32 kwa karibu miaka 50, na kwa maelezo yake mwenyewe hakuwahi kuipeleka kwa fundi. Alipuliza vumbi tu kwa mpira wa upepo wa kituo cha mafuta. Mwaka 2009 iliuzwa mnadani kwa dola 254,500.

Upepo huo una somo. Adui mkubwa wa taipureta ni mafuta yaliyotiwa kwa nia njema. Vyuma vya herufi vimepangwa kwenye nusu duara yenye mifereji myembamba. Ukidondosha hapo mafuta ya cherehani, kwa wiki chache vitapiga vizuri ajabu. Kisha mafuta hunasa vumbi, yanakuwa gundi, na herufi zinapanda bila kurudi. Safisha bila mafuta: brashi laini kwanza, halafu mswaki uliochovywa kwenye spiriti, ukisugua mifereji huku ukibonyeza vitufe mara nyingi. Rudia mpaka herufi zianguke zenyewe. Spiriti isiguse rangi ya mwili wala plastiki, maana huzitafuna, na ufanye kazi hiyo mbali na moto, madirisha yakiwa wazi. Herufi zenye matumbo, kama a, e na o, hujaa wino uliokauka. Zichokonoe kwa kijiti cha meno, si kwa sindano.

Unapokwenda kununua, beba karatasi. Chapa kila herufi, ndogo na kubwa. Sikiliza kengele karibu na mwisho wa mstari. Bonyeza rola inayozungusha karatasi kwa ukucha: ikiwa ngumu kama jiwe itapiga kelele na kutoboa karatasi, ingawa ukiweka karatasi mbili pamoja utapunguza tatizo. Kibodi ya Kiingereza inaandika Kiswahili chote, hata ng' yetu, lakini mashine zilizotumika Bujumbura au Lubumbashi huenda zina mpangilio wa Kifaransa, A ikiwa palipo na Q. Kwenye mashine nyingi za zamani hutaona tarakimu 1. Tumia l ndogo. Alama ya mshangao ikikosekana, chapa apostrofi, rudi nyuma nafasi moja, weka nukta chini yake.

Ukiishi Tanga, Mombasa au Unguja, chumvi ya hewani itaanza kula chuma mapema. Funika mashine kwa kitambaa cha pamba na uitumie mara kwa mara. Mashine iliyofungiwa kwenye sanduku lenye unyevu huoza kimyakimya.

Utepe mpya bado unapatikana. Upana wa kawaida ni milimita 13, lakini vibiringo hutofautiana, kwa hiyo usitupe vile vya zamani: vikiwa tofauti na vipya, zungushia utepe mpya kwenye vya zamani kwa mkono, ukiwa umevaa glavu.