Tutenge Kabla Hatujaombwa

Somo: 1 Wakorintho 16:1-4



Nyumbani kwetu tulifanya kosa ambalo wengi wenu mnalijua. Ndugu yetu aliyebaki Kongo alipiga simu akilia, mtoto ni mgonjwa. Tukamtumia pesa zote za mgao wa mwezi. Siku kumi baadaye tulikuwa tunakopa unga kwa jirani. Je, tulikosa kwa kutoa? Hapana. Tulikosa kwa kutojiandaa.

Paulo alikuwa akikusanya msaada kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu. Hakutaka mchango wa haraka siku atakapofika. Aliagiza kila mtu atenge kitu kila juma, kadiri ya mapato yake. Hapa tunajifunza mambo matatu.

1. Akiba. Tutenge siku ileile pesa inapoingia, kabla ya kwenda sokoni, hata shilingi 1,000. Vikundi vya akiba vinatusaidia: sanduku lina kufuli tatu, na funguo hukaa kwa watu watatu, hivyo hakuna anayelifungua peke yake.

2. Kodi. Hapa Uganda, kodi ya pesa za simu ilianza mwaka 2018, na mwaka huohuo ikashushwa kuwa 0.5% ya kiasi unachotoa kwa wakala. Kwa shilingi 100,000 ni shilingi 500. Ada ya kampuni ni kitu kingine, nayo hukatwa kila unapotoa. Ukitoa mara tano, unalipa ada mara tano. Tuhesabu yote kabla ya kuahidi. Hata Bwana wetu alilipa kodi ya hekalu (Mathayo 17:24-27).

3. Zawadi. Tuwe na mkebe wa ndugu, mbali na pesa ya chakula. 2 Wakorintho 8:12 inatufundisha kwamba Mungu hapimi sadaka yetu kwa mali tusiyo nayo. Basi tusikope ili tutoe.

Simu ilipolia tena, mkebe ulikuwa na shilingi 15,000. Hazikutosha yote, na tulimwambia ndugu yetu hivyo waziwazi. Lakini zilifika siku ileile, na watoto wetu walikula jioni.

Swali la kujadili nyumbani: Baba, mama na watoto, mgao ujao ukifika, tutatenga kiasi gani kabla ya kununua chochote?

Bwana abariki kazi ya mikono yenu. Amina.