Bwawa jipya la samaki: tulishe maji kwanza

Ndugu wanamemba, somo lililopita lilikuwa juu ya kuchimba bwawa na kushindilia kuta zake. Sasa kazi ya majembe imeisha, maji yanaingia, na kila mtu anauliza: samaki watakuja lini? Jibu letu ni hili: bado kidogo. Maji mapya, meupe, yenye kutoka mtoni, hayana chakula, na hayana nguvu ya kumaliza uchafu wa samaki.

Tueleze huo uchafu. Samaki anakula na kunya ndani ya maji yale yale anayopumua. Mavi yake na mabaki ya chakula yakioza yanatoa sumu inayoitwa amoniaki. Ndani ya bwawa la zamani kuko vijidudu vidogo sana, macho hayavioni, vyenye kukaa kwenye udongo na mawe. Vya kwanza vinageuza amoniaki kuwa nitriti, na hiyo ingali sumu. Vingine vinageuza nitriti kuwa nitrati, yaani mbolea. Mimea midogo ya kijani inakula mbolea hiyo, na tilapia anakula mimea. Ndani ya bwawa jipya wafanyakazi hao bado ni kidogo sana. Tuwaite, na wanaitwa kwa mbolea.

Tuanze na udongo. Mabonde yetu ya Kivu mara nyingi yana udongo wenye uchachu, na mbolea haifanyi kazi vizuri ndani yake. Kabla ya kujaza maji, tumwage chokaa ya shamba kilo 10 hadi 20 kwa kila ari (mita 10 kwa 10), chini na kwenye kuta. Chokaa ikikosa, jivu la kuni linasaidia, lakini linatakiwa kuwa jingi zaidi. Tungoje juma moja. Chokaa na mbolea zisiwekwe siku moja.

Kisha tujenge kizizi cha miti ao mianzi kwenye kona yenye maji mafupi, kikamate sehemu moja juu ya kumi ya bwawa. Ndani yake tujaze majani mabichi, maganda na mavi ya ng'ombe ao ya kuku. Mavi ya kuku yana nguvu sana, tuweke nusu tu. Tujaze maji, kichungio kikiwa mdomoni mwa mfereji kusudi samaki wa mtoni wasiingie. Bwawa likijaa, tufunge. Maji yenye kupita-pita yanabeba mbolea yetu na kuipelekea jirani wa chini! Baadaye tunaongeza tu yale yaliyokauka.

Kisha siku 7 hadi 14, ao kupita hapo kule juu kwenye baridi. Kipimo ni mkono. Jua likiwa limepanda, ingiza mkono polepole, kiganja kikiwa kimefunguka. Kiganja kikipotea wakati maji yanafika kwenye kiwiko, na rangi ni ya kijani, maji yameiva. Ukingali unaona vidole, koroga kizizi, ongeza mavi, rudi kisha siku 4. Kikipotea maji yakiwa kwenye kifundo cha mkono, mbolea imezidi: ingiza maji mapya, usiongeze kitu. Lakini tusikawie miezi pia, juu vyura watajaza bwawa.

Hapa ndipo pesa ya kesi inapotea. Muuzaji anapiga simu, anasema gari iko leo, kesho hakuna. Komite iwe na nguvu ya kumjibu hapana. Oda itolewe kisha mkono kupima, si mbele. Kwanza tuombe samaki 10 kwa jirani, tuwaweke ndani ya kitunga chenye kufunikwa, siku 2 majini. Wakiishi, tununue: 100 hadi 200 kwa ari, si zaidi.

Siku wakifika, sashe ielee juu ya maji nusu saa, tuingize maji ya bwawa kidogo kidogo, kisha watoke wenyewe. Siku za kwanza chakula kiwe kidogo sana. Mtu mmoja apite kila asubuhi mbele ya jua kutoka. Akiona samaki wote wanapanua kinywa juu ya maji, asimamishe mbolea na chakula, afungue mfereji mara moja.