Somo: Sheria na maadili, vyote viwili vinamlinda jirani

Katika somo hili tunaangalia mambo mawili yanayoongoza mwenendo wa mtu. Sheria imeandikwa, na nyuma yake kuna hakimu, askari na gereza. Maadili hayana gereza. Yanakaa katika dhamiri, na tunayafundishwa nyumbani, kanisani, msikitini na mbele ya wazee. Je, moja linatosha bila lingine?

1. Mfano wa Fizi

Usiku wa tarehe 1 Januari 2011, wanajeshi wa serikali waliwabaka wanawake wengi katika mji mdogo wa Fizi. Mahakama ya kijeshi ilisafiri mpaka Baraka, kando ya ziwa, ikawasikiliza mashahidi. Tarehe 21 Februari 2011 ilimhukumu kamanda wao, Luteni Kanali Kibibi Mutware, kifungo cha miaka 20 kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Askari wengine pia walifungwa.

Hapa tunajifunza kwamba cheo si ngao. Na askari hawezi kujificha nyuma ya mkubwa wake. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, kifungu cha 28, inasema kwamba hakuna anayelazimika kutekeleza amri ambayo ni wazi kuwa inavunja sheria. Lakini ili mtu akatae amri mbaya, lazima kwanza ajue moyoni kwamba ni mbaya. Kumbe sheria yenyewe inategemea malezi aliyoyapata mtu kabla hajavaa sare.

2. Mahali sheria inapoishia

Hukumu inamfunga mkosaji. Haiwezi kumfanya mume ampokee mke wake kwa upendo, wala kuwazuia majirani wasimnyooshee mama kidole kwenye bomba la maji. Aliyeshinda kesi anaweza bado kufukuzwa nyumbani. Kumrudishia heshima yake ni kazi yetu sisi.

3. Mahali desturi inapokosea

Mara nyingine wazee huketi, mbuzi hulipwa, au msichana huozwa kwa yule yule aliyembaka. Inasemwa kwamba ni kulinda amani. Amani ya nani? Sheria za tarehe 20 Julai 2006 haziruhusu kosa la ubakaji limalizwe kwa faini ya mapatano, na zinamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Wazee wana kazi kubwa ya kupatanisha watu kuhusu mpaka wa shamba au ng'ombe walioharibu mihogo. Lakini kwa kosa hili, kazi yao ni kusaidia aliyeumizwa afike hospitali kabla ya saa 72 kupita, ili apate dawa za kuzuia virusi vya ukimwi, na kusimama naye akiamua kushtaki.

4. Siku ambazo mahakama imefungwa

Desemba 2025, waasi wa M23 walipoingia Uvira, maelfu ya watu walivuka mpaka kwenda Burundi. Siku kama hizo hakuna pa kushtaki. Anayelinda nyumba ya jirani aliyekimbia hafanyi hivyo kwa kumwogopa hakimu. Na anayeipora asidhani kwamba wizi umekuwa halali kwa sababu hakimu naye amekimbia.

Maswali ya kuzungumza pamoja

- Katika kijiji au kambi yetu, ni makosa gani tunayamaliza kwa mbuzi ambayo yangepaswa kufika mahakamani?
- Mama aliyeumizwa akirudi kwetu, atasikia maneno gani?
- Tunawafundisha nini vijana wetu kuhusu kukataa amri mbaya?

Ndugu zetu, tusingoje sheria ifanye kazi ya moyo, wala tusitumie huruma au desturi kuifungia sheria mlango. Mtoto anayelelewa leo katika familia iliyopokea wakimbizi anatuangalia. Tumwonyeshe vyote viwili.