Utafiti wa Lishe Uanzie Kijijini

Watafiti hufika kijijini, wakapima watoto, wakajaza fomu, wakaondoka. Mama aliyembeba mwanawe hadi kwenye mizani harudishiwi hata neno. Utafiti wa namna hiyo haumfai mtoto.

Mkoa wa Iringa, Tanzania, ulionyesha njia bora. Kuanzia mwaka 1983, katika vijiji 168, mpango uliosaidiwa na UNICEF na Shirika la Afya Duniani uliwashirikisha wanakijiji wenyewe katika utafiti. Watoto wa chini ya miaka 5 walipimwa uzito mara kwa mara, matokeo yakajadiliwa hapohapo kijijini, hatua zikachukuliwa. Utapiamlo mkali ulipungua sana. Nanyi mnaweza kufuata mzunguko huohuo.

1. Pimeni. Tumieni mizani au utepe wa mkono. Mtoto wa miezi 6 hadi 59 ambaye mzunguko wa mkono wake wa juu uko chini ya sentimita 11.5 ana utapiamlo mkali: apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo.

2. Chambueni. Someni matokeo kwenye mkutano bila kutaja majina ya watoto. Ulizaneni: mama akiwa shambani, mtoto anakula mara ngapi? Anabaki na nani? Ameharisha karibuni? Ghala laweza kujaa mahindi na mtoto akadhoofu.

3. Tendeni. Chagueni jambo moja mnaloliweza. Mfano ni kimea, yaani unga wa nafaka iliyochipuzwa, ambacho wapika pombe wanakijua tangu zamani, na watafiti wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania wakakijaribu kwenye uji wa watoto. Uji mzito humshinda mtoto. Ukizimuliwa kwa maji, haumshibishi. Kimea huondoa tatizo hilo. Ili kukipata, loweka ulezi usiku kucha, uchuje, ufunike kwa kitambaa chenye unyevu siku 2 hadi 3 uchipue, kisha uanike na kuusaga. Ukiota ukungu, utupe. Koroga kijiko kimoja cha unga huo kwenye uji mzito ulio vuguvugu. Uji utalainika bila kuongezwa maji. Uchemshe tena kabla ya kumlisha. Kikombe kilekile sasa kina unga mwingi zaidi.

Baada ya miezi 3, pimeni tena. Uzito usipoongezeka, rudini hatua ya pili.

Na mtafiti akija, mwombeni ahadi mbili kabla hajaanza: swali lake lijadiliwe na kijiji, na majibu yabandikwe kwenye ofisi ya kijiji, kwa Kiswahili.