Chuo na Jirani Yake: Nani Amfundishe Nani?

Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilianza mwaka 1975, enzi za Mwalimu Nyerere, kwa mfano wa vyuo vya wananchi vya Sweden. Kimoja kipo Chala, wilayani Nkasi, kwenye njia ya Sumbawanga kwenda Namanyere. Chuo cha aina hii kitashirikiana vipi na vijiji vinavyokizunguka?

Swali: Twende kijijini na mradi gani wa kuanzia?

Jibu: Nendeni na majembe kwanza. Wafipa, wenyeji wa huko, wana ujuzi wao wa kurutubisha udongo. Mvua zikiwa bado zinanyesha, hukusanya majani na kuyafukia kwa udongo hadi yawe vichuguu vya mviringo, intumba. Juu yake hupanda maharage. Majani huoza humo ndani, na msimu unaofuata vichuguu husambazwa ili kupanda ulezi au mahindi. Mwanafunzi aliyeinua intumba pamoja na mama mwenye shamba atarudi darasani na maswali ambayo mkufunzi hakuyaandaa.

Swali: Kuna mahali njia hii imezaa matunda?

Jibu: Mbinga. Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto walianza kwa kuisoma ngoro, kilimo cha mashimo cha Wamatengo. Kisha ukaja mradi wa 1999 hadi 2004 kwa msaada wa JICA, shirika la misaada la Japani, na huko Kindimba ikajengwa mashine ya kusaga inayoendeshwa kwa maji. Wasomi walijifunza kwa mkulima kabla ya kuleta cha kwao.

Swali: Tukielewana na mwenyekiti wa kijiji, inatosha?

Jibu: Mwenyekiti anawafungulia mlango tu, wenye nyumba wako kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria hukutana kila miezi mitatu. Makubaliano yaingie kwenye muhtasari, nakala moja kwa mtendaji, nyingine chuoni. Yataje nani analeta mbegu, nani anapalilia, na mazao ya shamba darasa ni ya nani. Gunia la kwanza la maharage likigombaniwa, la pili halitakuwepo.

Swali: Ratiba ya masomo inagongana na msimu. Tufanyeje?

Jibu: Ufipa ina msimu mmoja wa mvua, takriban Novemba hadi Aprili. Wakati wa kupanda, wapelekeni wanafunzi wakashike jembe, wasimtoe mtu shambani kwa mahojiano. Mikutano, pamoja na mazoezi ya uashi na useremala kwenye majengo ya kijiji, vingoje kiangazi, mavuno yakishaingia ghalani.

Swali: Wanakijiji wanasema wamechoshwa na madodoso.

Jibu: Wana haki. Mwanafunzi huondoka na ripoti, aliyehojiwa hubaki na shida yake. Kila mlichouliza kirudi mkutanoni kwa Kiswahili chepesi, na kwa Kifipa palipo na wazee. Kama jibu halikupatikana, semeni hivyo hivyo.

Swali: Dalili ya ushirikiano uliokomaa ni ipi?

Jibu: Mtazameni anayebisha hodi. Siku mkulima atakapofika getini bila kuitwa, mkononi ana shina la mahindi lililonyauka, na mkufunzi akamwambia, "Sijui, mzee, twende tukalione shamba," hapo mmefika.